Fundi Pardoe na Viti vya Jumba la Hollin

Clement Pardoe hakumheshimu mtu yeyote mwenye nyumba ya ngazi mbili, moja ya wenyewe na nyingine ya watumishi. Kwa bahati mbaya alikuwa fundi wa kuchonga na kukarabati fanicha za kale hapa Wenbury, Shropshire, na riziki yake yote ilitoka kwa watu wa nyumba hizo. Basi aliwadharau tangu asubuhi hadi jioni, kwa moyo wote, huku akiwatengenezea meza zao. Mimi nilikuwa mpiga polishi wake kwa miaka kumi na miwili. Nilianza mwaka wa arobaini na sita, msichana wa miaka ishirini niliyetoka kiwanda cha risasi bila ujuzi wowote, naye ndiye aliyenifundisha kushika kitambaa cha spiriti na kukizungusha juu ya ubao mpaka ubao uanze kung'aa kutoka ndani. Kwa hiyo haya nisemayo niliyaona.

Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na miwani yake ameifunga uzi kisogoni. Kofia haikumtoka kichwani isipokuwa kanisani na mbele ya maiti. Mchana alikula mkate, jibini na kitunguu kibichi juu ya meza ya kazi, na akija tajiri saa hiyo alimpumulia kitunguu makusudi.

"Umemwona yule?" aliniuliza siku moja, mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alipotoka. "Ananiambia kabati lake ni la miaka mia mbili na hamsini. Kabati lile na mimi tumezaliwa mwaka mmoja."

"Mbona hukumwambia, Mzee?"

"Nimwambie nini? Ameshajiambia mwenyewe, na kafurahi."

Lakini dharau yake kubwa kuliko zote aliviwekea viti vya ukumbini. Kila jumba kubwa lilikuwa navyo, sita au vinane, vimepangwa ukutani mara tu unapoingia mlango wa mbele. Vya mbao nyekundu ya mahogani vyote, mgongo umechongwa kama kombe la baharini, na katikati ya kombe imepakwa rangi nembo ya ukoo. Ukiviona kwa mbali utasema mfalme anakuja kukaa. Siku moja tuliletewa kimoja kilichovunjika mguu, akanivuta mkono hadi mbele yake.

"Hebu gusa hapa. Mto uko wapi?"

"Hakuna."

"Mgongo umelala?"

"Umesimama wima."

"Wima kama askari wa zamu. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwenye nyumba hakai hapa, anapita tu. Hapa anakaa anayengoja. Mleta barua, fundi viatu, mpangaji aliyekuja kuomba. Nguo zao zina matope, basi wasipewe kitambaa cha kuchafua. Na wakae vibaya, wasije wakazoea. Hii si fanicha, Olwen. Hii ni adhabu iliyopigwa polishi."

Alikuwa na sababu yake. Mwaka wa ishirini, yeye akiwa kijana wa miaka kumi na minane anayemalizia mafunzo ya useremala mjini, baba yake aliangukiwa na mwaloni ukamponda mguu. Baba huyo alikuwa mkata miti wa Hollin, jumba la ukoo wa Lestock, maili nne kutoka kwetu. Daktari akasema mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Njia ilikuwa ya matope ya Februari, mkokoteni ungemmaliza, na motokaa katika bonde zima ilikuwa moja tu, ya Hollin. Mama yake, Keziah, akavaa kofia yake ya kanisani akaenda kuomba motokaa.

Mtumishi mkuu alimwambia aketi, angoje. Akaketi kwenye kiti cha ukumbini saa nne asubuhi. Saa saba sahani za chakula zikapita mbele ya pua yake. Saa tisa zikarudi zimebaki mifupa. Kila alipoinuka aliambiwa angoje kidogo. Karibu na saa kumi jioni akaambiwa motokaa haipo, imekwenda stesheni kupokea samaki wa samoni waliotoka Scotland kwa ajili ya karamu, na ikirudi itahitajiwa na wageni. Mumewe alifariki siku ya nne, mguu umeoza.

Keziah hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimwambia mwanawe neno moja tu, nalo Clement alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo: "Kiti kile, mwanangu, kiliniuma mpaka nikasahau nilichokuja kuomba."

Basi mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nane lori dogo likasimama mbele ya karakana, dereva akashusha viti sita vya ukumbini. Nembo yake ilikuwa korongo aliyebana samaki wa mkunga mdomoni. Hollin. Pamoja navyo kulikuwa na barua ya Bwana Mkubwa Aubrey Lestock mwenyewe: kiti kimoja kimevunjika mguu, rangi za nembo zimechujuka, na tena kuna jambo la faragha, Pardoe afike Hollin Alhamisi saa tano.

Clement alivizunguka vile viti mara mbili, mikono nyuma. Kisha akachukua kalamu ya seremala, akaandika nyuma ya barua ile ile: *Sisi hatutoki. Mwenye kazi aje.* Akampa dereva.

"Mzee!" nikasema. "Unataka tumwage unga sote wawili?"

"Atakuja."

"Yule? Aje hapa?"

"Kaandika 'faragha'. Mtu wa namna ile akishaandika faragha, atakuja hata kwa magoti."

Na kweli Alhamisi akaja. Mtu mrefu, mwekundu wa uso, mwenye koti la sufu lililotiwa viraka vya ngozi viwikoni, maana wakati ule Hollin ilikuwa imechakaa pamoja na wenyewe. Clement alikuwa nyuma ya kizuizi cha mbao, hana kazi yoyote, anapiga randa hewa. Akaninong'oneza, "Mwambie aketi, angoje."

"Aketi wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa ameshaweka kimoja cha vile viti karibu na mlango, penye upepo.

Nilimwambia. Akaketi. Mwanzo alikaa kama aliyepanda farasi, kifua mbele. Baada ya dakika kumi akakunja mguu, akaukunjua. Akaegemea, akaacha kuegemea. Akateleza, akajivuta. Baada ya nusu saa alisimama akajisugua makalio mbele yangu bila haya wala soni. Clement alimwacha saa nzima na robo, kisha akatoka akijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Bwana wee, Pardoe," akasema yule mkubwa, "viti hivi vibaya mno! Vinaumiza!"

"Bwana Mkubwa hukujua?"

"Nitajuaje? Sijawahi kukikalia hata kimoja."

Miaka hamsini na minane alipita mbele ya vile viti, tangu anatambaa. Clement akamweleza habari za mama yake, polepole, mwaka, mwezi, mguu, kofia ya kanisani, saa nne hadi saa kumi. Hakupandisha sauti. Bwana Mkubwa alisikiliza amekunja uso, kama anayetafuta kitu mfukoni. Halafu uso ukamchangamka.

"Februari ya mwaka wa ishirini? Ngoja, ngoja. Karamu ya samoni! Loo! Ni mimi niliyekwenda stesheni! Ndio kwanza nilikuwa nimejifunza kuendesha. Sanduku likapasuka njiani, barafu yote ikamwagika viti vya nyuma, motokaa ikanuka shombo mpaka Pasaka!" Akacheka, akapiga paja. Akatutazama, mimi na Clement, akaona anacheka peke yake. "Na huyo mama, alisaidiwa?"

"Hakusaidiwa."

"Aa. Pole sana. Siku zile mambo yalikuwa hivyo." Kisha, bila hata kumeza mate, akaingia kwenye faragha yake.

Ilikuwa hivi. Zamani viti vilikuwa vinane. Viwili vilipotea wakati wa vita, askari waliowekwa nyumbani humo walivichoma motoni kwa baridi. Sasa kulikuwa na mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka London aliyetaka seti kamili ya vinane, na sita hakuvitaka. Je, Pardoe angeweza kuchonga viwili vingine vifanane kabisa, wala pasiwe na haja ya mtu kujua?

Nilimtazama Clement nikingojea amtimue. Akasema, "Nitavichonga."

Mlango ulipofungwa sikujizuia. "Umekubali uongo wa mtu yule? Baada ya habari ya mama yako? Baada ya shombo?"

"Nimekubali kazi."

"Kazi gani hiyo! Wizi!"

"Olwen." Akapitisha kidole gumba juu ya kombe la mgongo wa kiti, pale mistari ya kombe inapokutana chini na majani mawili yanajikunja. "Waliokaa ndani ya nyumba ile ni takataka. Aliyechonga hiki hakuwa takataka. Kwa miaka mia na hamsini hakuna aliyechonga kombe kama hili. Nataka kujua kama naweza."

Alikuwa na ubao. Duka la vitambaa la Pugh lilipofungwa alinunua kaunta yake, mahogani nzito ya zamani, imeguswa na viwiko vya wanawake wa Wenbury kwa miaka mia. Chini yake palikuwa na mhuri uliochomwa kwa chuma: PUGH NA WANAWE, VITAMBAA. Nilimwambia aupige randa uondoke.

"Utafichwa na fremu," akasema. "Hautaonekana mpaka kiti kivunjwe. Nani atavunja?"

Alifanya kazi wiki saba. Sijawahi kumwona akiwa mtulivu vile. Hakumsengenya mtu. Alisahau hata kitunguu. Patasi yake ilikuwa ikienda kama inayosikiliza, na vumbi jekundu la mahogani lilimjaa kwenye nyusi. Akimaliza yeye naanza mimi. Nilitia rangi ya majani ya chai, masizi kwenye pembe, nta, spiriti, tena masizi. Nilisugua kalio la kiti kwa gunia na kokoto mpaka likaonekana limekaliwa na vizazi vitano vya watu waliokata tamaa. Nilijua nasaidia udanganyifu, na nilijivuna. Tulipovipanga vyote vinane, ilibidi Clement aniwekee alama ya chaki nisije nikachanganya.

Mwezi wa Mei tukavirudisha Hollin. Bwana Mkubwa alitutaka tubaki, ikiwa patahitajika kufuta alama za vidole vya watu, akatuambia tusimame pembeni karibu na kabati la miavuli. Paa lilikuwa linavuja, ndoo tatu zimepangwa juu ya marumaru, na kila tone likianguka mbwa mdogo wa Bibi Mkubwa, mke wa Lestock, alitikisika mikononi mwake. Bibi Mkubwa mwenyewe alisimama kwenye ngazi, hakushuka, hakupanda.

Mfanyabiashara wa London aliitwa Lucian Sandeman-Rooke. Alivaa glavu za ngozi laini za rangi ya maziwa, ana kurunzi ndogo na kioo cha kukuzia. Alipiga magoti mbele ya kila kiti, akinusa, akigonga kwa ukucha, akisema "mm" na "aa". Sisi hakutuona. Ukisimama karibu na miavuli unakuwa mwavuli.

Alifika kwenye viti viwili vya Clement. Akakaa hapo muda mrefu. Aliposimama sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hivi," akasema, "hivi viwili ndivyo roho ya seti nzima. Tazameni jani hili linavyojikunja. Haliigiki hili! Mkono uliochonga hapa ulikufa zamani. Mafundi wa leo wana vidole vya kukamulia ng'ombe."

Nilimtazama Clement kwa pembe ya jicho. Masikio yake yote yalikuwa mekundu, wala si kwa hasira.

"Lakini hivi," mtaalamu akaendelea, akavionyesha viwili vya mwisho kwa ncha ya kiatu, viwili ambavyo vilikaa ukutani pale tangu babu wa babu yake Lestock, "hivi vimechongwa juzi. Kazi ya kitoto. Nasikitika, Bwana Mkubwa. Kuna mtu amekuchezea."

Hapo ndipo nilipojua yule bwana hakuvijua viti vyake mwenyewe. Alipewa vinane, hakuwa na habari vipya ni vipi, na alidhani mtaalamu amevigundua. Akapauka kama unga. Angeweza kunyamaza. Angeweza kucheka akasema haidhuru. Badala yake akageuka akanyoosha kidole.

"Pardoe! Umefanya nini na viti vyangu? Nimekupa vinane, unanirudishia sita na takataka mbili? Umeviuza wapi viwili vyangu, mwizi wee?"

Ndoo ikapokea tone. Bibi Mkubwa akasema kutoka ngazini, "Nilikuambia tangu mwanzo, Aubrey. Watu wa aina hii ukiwapa mlango wanachukua na bawaba."

Clement alitoka penye miavuli. "Ulinipa sita," akasema.

"Vinane!"

"Sita, Bwana Mkubwa. Viwili nimevichonga mimi, wewe ndiye uliyeniagiza, tena ulikuja mwenyewe ukangoja."

"Mwongo mkubwa!"

Mfanyabiashara aliona raha. Akakunja mikono kifuani. "Kumbe! Basi ni kweli hivi vya mwisho ni vyako, fundi?"

"Hivyo ni vya zamani. Vyangu ni vile ulivyovipigia magoti."

Sandeman-Rooke alicheka mpaka akafunika mdomo kwa glavu. "Nenda zako, mzee. Rudi kwenye gundi yako. Kuota si dhambi."

Nakumbuka nilimshika Clement mkono wa koti. Aliutoa mkono wangu taratibu, akainama kwenye mfuko wa zana, akatoa nyundo yake ya mbao. Akakipindua kiti chake cha kwanza, kile alichokichonga kwa wiki nne, akakipiga. Pigo la kwanza halikufanya kitu, kiti kilikuwa kimeungwa na mtu anayejua. La pili kalio likaachana na fremu. La tatu lile kombe likapasuka toka juu hadi chini, na sauti yake ilikuwa kama mtu aliyevunjika ubavu. Akageuza ubao akauinua mbele ya kurunzi.

Hakuna aliyesoma kwa sauti, basi nikasoma mimi. "Pugh na Wanawe, Vitambaa."

"Kaunta ya duka," akasema Clement. "Mjini kwetu. Kila mtu alinunulia hapo soksi."

Mbwa akaanza kubweka. Mtaalamu alizima kurunzi, akaitia mfukoni, akaangalia saa yake. Alisema ana treni. Alisema pia, bila kumtazama mtu, kwamba ingekuwa vizuri kwa wote tukichukulia kwamba leo hakufika hapa. Aliondoka hajanunua hata kimoja, na nilivyomwona anavyoshuka ngazi za nje, ni mtu ambaye atawaambia wenzake London kwamba Hollin hakuna kitu.

Clement alirudisha nyundo kwenye mfuko. "Bwana Mkubwa," akasema, "hata viti vyako huvijui." Akaelekea mlango mkubwa.

"Mlango wa mafundi uko kule nyuma," akasema Bibi Mkubwa.

"Naujua ulipo," akajibu Clement, tukatoka kwa mbele.

Ndani ya gari nilicheka hadi machozi. Niliiga sauti ya yule wa glavu, "haliigiki hili, haliigiki!" Clement hakucheka. Tulipofika darajani akasimamisha gari pembeni, akazima injini.

"Olwen. Yule mpumbavu aliposema mkono huu ulikufa zamani."

"Ndiyo?"

"Nilifurahi." Alitazama mbele. "Nilifurahi kama mbwa aliyepapaswa tumbo. Miaka yote hii nawatukana, nawapumulia vitunguu, kumbe nilikuwa nangoja mmoja wao anisifu. Na mwenyewe hajui kitu. Hajui kitu kabisa, na nilifurahi."

Nilifuta machozi ya kicheko kwa mkono.

"Kilikuwa kizuri, siyo?" akauliza.

"Kilikuwa kizuri kuliko vyao vyote."

Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, kisha tukaenda nyumbani.

Lestock hakumshtaki, angemshtaki kwa lipi? Lakini watu wale hukutana kwenye uwindaji, kwenye harusi, kwenye meza za karata, na neno likapita nyumba hadi nyumba kwamba Pardoe wa Wenbury hubadilisha mali ya watu. Lilipita haraka kuliko mafua. Mwezi wa Juni wateja walikuja kuchukua nusu ya kazi zao. Agosti tulikuwa tunatengeneza ngazi ya mtu wa kupaka rangi. Septemba akaniambia hana tena kazi ya kunipa.

Nilimtolea maneno yasiyosemwa kanisani. "Ulikuwa na mdomo, ungeutumia kunyamaza! Mama yako alikaa saa sita kwa ajili ya mumewe. Wewe umeshindwa kuvumilia dakika tano kwa ajili yangu. Nina mama mgonjwa nyumbani, Mzee. Uliniuliza kabla ya kuvunja?"

"Sikukuuliza."

"Basi na wewe ni Bwana Mkubwa tu, ila mfupi."

Hilo lilimwingia. Nililiona likimwingia na sikulirudisha. Nikachukua vitambaa vyangu, nikapata kazi Shrewsbury, duka la piano, na kwa mwaka mmoja na miezi sikukanyaga mlango wake. Yeye akaanza kutengeneza mageti ya mashamba, reki za nyasi, vibanda vya njiwa na majeneza. Wakulima walimpenda kwa sababu geti lake lilifunguka kwa kidole.

Hollin iliuzwa mwaka wa sitini na moja, ikabomolewa kwa ajili ya mawe. Viti vyao sita nimeviona kwa macho yangu katika hoteli moja huko Chester, watu wanarundika makoti juu yake, na hayo ndiyo matumizi bora kabisa viliyowahi kupata. Kiti cha pili cha Clement, kilichobaki Hollin bila kuvunjwa, nasikia kiko ng'ambo kwa tajiri mmoja, ndani ya kamba ya hariri ili kisikaliwe, na kina cheti. Nilipompelekea habari hiyo alikuwa amehamia kwa dada yake, Thirza, kichwa chote cheupe, vidole vimepinda.

"Kamba ya hariri?" akauliza. Alikuwa hasikii vizuri, ilibidi nipige kelele.

"Ya rangi ya damu ya mzee!"

"Wajinga," akasema. Akafikiri. "Cheti kinasema ni cha mwaka gani?"

"Elfu moja mia nane na kumi!"

"Kinanizidi umri," akasema, akacheka mpaka Thirza akaja kumpiga mgongoni. Halafu akaniomba mikono yangu, akaigeuza, akatazama kucha zangu zilizokuwa nyeusi kwa polishi ya piano. "Unatia spiriti nyingi mno," akasema. "Siku zote ulikuwa unatia nyingi mno." Nikamwambia anyamaze anywe chai yake. Tulikuwa tumepatana zamani, bila yeyote kati yetu kuomba radhi, na sijui ni nani aliyekuwa anastahili kuombwa.

Alifariki Februari ya mwaka wa sabini na tatu. Kanisani tulikuwa watu kumi na mmoja: Thirza, mimi, wakulima wachache wenye viatu vya matope, na mchungaji kijana aliyemwita "seremala mnyenyekevu". Mnyenyekevu! Nilikaribia kusimama. Tukiwa kaburini gari la maua likaja, dereva akashusha shada moja kubwa la maua meupe lililoagizwa kutoka Bath. Bibi Mkubwa Lestock, mjane sasa, alikuwa akiishi huko kwenye vyumba viwili, na mtu fulani alikuwa amempelekea habari ya msiba.

Nikainama kusoma kadi. *Kwa Pardew, mtumishi mwaminifu wa Hollin.*

Hata jina kalikosea. Thirza aliniuliza imeandikwaje, macho yake hayakuwa mazuri. Nikamwambia imeandikwa pole tu. Maua hayakuwa na kosa, nikayaacha juu ya udongo. Kadi nikaichomoa nikaitia kwenye mfuko wa koti, na nilipofika nyumbani nikawashia jiko.